Mjadala: Elimu ya kipindupindu mwambao wa Kigoma ipitie redioni au WhatsApp?

Mleta mada
Wadau, halmashauri zinunue muda wa hewani au zitumie magrupu ya WhatsApp? Mimi nasimama na redio, kwa sharti moja: wasikilizaji wawe kwenye vikundi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilirushwa na Radio Tanzania kwa wiki 12 na ikafikia watu wapatao milioni 2. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, kijitabu, na kazi ya kufanya kipindi kikiisha: kuchimba choo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi. Leo tunalipia tangazo la sekunde 30 halafu tunaandika kwenye ripoti kwamba jamii imeelimishwa. Haijaelimishwa.

Fundi mitambo, Kasulu
Mkuu, enzi zile kulikuwa na masafa ya kati na masafa mafupi, yanayofika mbali. FM mlima ukikaa katikati, imeishia hapo. Antena ya mita 30 na redio iliyo mita 2 kutoka ardhini zinaonana kama kilomita 28, tena kwenye tambarare kama ya Tabora. Vijiji vya Mwamgongo na Kagunga vimebanwa kati ya milima na ziwa, kwa hiyo kuongeza wati mjini ni kuchoma umeme bure. Wekeni mtambo mdogo wa kurudishia matangazo juu ya kilima kinachoonekana kutoka mjini na kutoka kijijini, wenye sola. Na tengeni fungu la betri tangu mwanzo, maana ndizo zinazokufa kwanza na mtambo unabaki pambo.

Mhudumu wa afya, Uvinza
Naunga mkono vikundi. WhatsApp inanitia hofu kwa sababu sauti inayozunguka haina tarehe wala mwenyewe. "Tia kidonge kimoja kwenye maji." Kidonge gani, maji kiasi gani? Cha klorini cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji maangavu, na unasubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Mtu akikitia kwenye pipa la lita 200, anakunywa vimelea akiamini yuko salama. Redio ikikosea, inasahihisha kesho saa ileile. WhatsApp imeweka kikomo: ujumbe uliokwisha kusambazwa unaingia grupu moja tu kwa mpigo, lakini grupu moja linabeba hadi watu 1,024. Hao ni watu zaidi ya elfu moja kwa mpigo mmoja, na ukifuta kwako, kwao umebaki.

Mdau, Ujiji
Mmesahau saa. Wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani jioni na kurudi alfajiri, kipindi cha saa tatu asubuhi kinawakuta usingizini. Wanaoanika dagaa ndio walio macho saa hiyo, na wengi wana simu za kitochi: WhatsApp hamna, FM ipo. Basi kipindi cha asubuhi kiwe cha waanikaji. Vikundi vya wavuvi vipangwe siku za mbalamwezi, maana siku hizo dagaa hawafuati taa za wavuvi na mitumbwi iko mwaloni.