Krismasi ya kwanza Rombo bila mama, nyie mlifanyaje?

Wadau, tarehe 23 tunapanda Rombo, nyumbani Kilimanjaro, kama kila mwaka ila safari hii mama hayupo, alitutoka mwezi wa 5. Mbege ya sikukuu, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, alikuwa anapika mwenyewe, ulezi anauotesha, anauanika, anausaga, ndizi zinachemka tangu alfajiri, sasa hatujui tuanzie wapi na dada anasema hata mbuzi tusichinje. Mlioondokewa na wazazi mlifanyaje?

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Sisi mzee alivyofariki tulichinja tu, ila baada ya misa tulienda wote kaburini pale kihambani, shamba la nyumbani, tukapalilia, wajukuu wakaweka maua, tukasali, ndo tukarudi kula. Tulilia sana lakini ilitusaidia.

Jibu: Mbuzi msiache kabisa, watoto watamkumbukaje bibi yao kwenye nyumba kimya? Mbege muombeni mama mdogo au shangazi awaelekeze, na ile kata ya mama yenu ya kunywea mbege ijazeni muiweke mezani.

Muuliza: Asanteni jamani, nimelia hapa. Kata yake bado imening'inia jikoni, ina ufa pembeni. Nimempigia dada, kakubali mbuzi.