Nimepangiwa harusi moja na mpiga picha mkubwa mwenye vifaa vizito, nimeingiwa na woga. Naomba ushauri

kivuli_mrefu

Wakuu, habari za jioni. Nina kazi Jumamosi na sina raha kabisa.

Familia ya bibi harusi imenipa picha mnato hapa Dar. Ndoa kanisani saa 8 mchana, picha za bustanini saa 11, ukumbini kuanzia saa 1 usiku. Jana kwenye kikao cha kamati nikaambiwa upande wa bwana harusi nao wana mpiga picha wao. Ni kaka wa siku nyingi kwenye kazi hii: kamera mbili za full frame (zenye sensa kubwa), lenzi za 24-70 na 70-200 zote f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga mwingi unaingia), flashi tatu za kwenye stendi na msaidizi wa kuzibeba.

Mimi nina Canon 700D, 18-55 iliyokuja na kamera, 50mm f/1.8 STM, flashi moja ya Godox TT600 na triga ya X1 ya kuiwasha kwa mbali. Naogopa nitabaki namwangalia yeye na kusahau kazi ya watu walioniamini. Kuna rafiki ananishauri nikakodi full frame. Nikodi? Nisimame wapi? Nimwendee vipi yule kaka?

fundi_mwanga

Dada, body, yaani kamera yenyewe, usikodi. Kwanza hiyo 18-55 yako ni EF-S, aina ya lenzi za kamera zenye sensa ndogo, haiingii kwenye full frame ya Canon, kwa hiyo utajikuta unakodi na lenzi. Pili, kamera usiyoijua vitufe itakufanya uinamishe kichwa kwenye menyu wakati pete inavishwa. Kama hela ya kukodi ipo, chukua EF-S 17-55 f/2.8. Inaingia kwenye 700D yako bila shida, na kidole chako tayari kinajua ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) iko wapi.

Sasa tuipime hiyo tofauti inayokutisha, maana ina namba. Lenzi yako ya 18-55 ukiivuta mpaka 55 inaishia f/5.6. Yeye yuko f/2.8. Hapo kuna hatua mbili za mwanga, na kila hatua ni mara mbili: yeye akipiga kwa ISO 1600, wewe kwa kasi ileile ya shata unahitaji 6400, na 6400 kwenye 700D ina chengachenga nyingi. Lakini ukiweka 50mm yako kwenye f/2.8, zile hatua mbili zimefutika. Inabaki tofauti ya ukubwa wa sensa, hatua moja na ushee. Hiyo mama wa bibi harusi haioni kwenye albamu.

Kwa hiyo kanisani tumia 50mm. Kwenye 700D inaona kama 80mm, kwa hiyo sogea au rudi nyuma kwa miguu. Kwa mwanga wa mchana anza na f/2.8, shata 1/160 ya sekunde, ISO 1600 hadi 3200, piga RAW (faili ghafi za kamera). Lenzi hiyo haina kitulizaji cha mtikisiko, kwa hiyo usishuke chini ya 1/100 hata kama watu wamesimama. Fokasi tumia nukta ya katikati peke yake, ndiyo yenye nguvu kwenye kamera hiyo, na ielekeze kwenye jicho lililo karibu nawe.

Kosa la wengi wenye 50mm ni kushinda f/1.8 siku nzima. Ukiwa mita 2 kutoka kwa maharusi, f/1.8 inakupa kama sentimita 11 tu za ukali. Bwana harusi akirudi nyuma kidogo, uso wake unayeyuka. Kwa watu wawili weka f/4, inafika kama sentimita 24. Watu wengi, f/5.6.

Jambo la mwisho: ISO 3200 iliyopata mwanga sawasawa ni safi kuliko ISO 800 uliyoipiga giza ukaja kuinyanyua kwenye kompyuta. Sensa hiyo ukiinyanyua kivuli hatua mbili au tatu, inatoa mistari. Usiiogope ISO, ogopa giza.

mama_mpangaji

Habari za lenzi umeshapewa. Kinachokunyima raha ni kwamba hakuna aliyegawa kazi. Wapiga picha wawili, pande mbili, bila makubaliano: hapo hata mwenye vifaa vya mamilioni anaharibu. Chukua namba yake kwa katibu wa kamati na umwandikie kabla ya Ijumaa. Kitu kama hiki:

"Shikamoo kaka. Mimi ndiye napiga picha upande wa bibi harusi Jumamosi. Nimeona tuelewane mapema tusizibiane. Kanisani naomba nikae pembeni, upande anaosimama bwana harusi, wewe ubaki na njia ya katikati. Picha za familia ukimaliza kupanga kundi lako, naomba sekunde 20 kabla hawajatawanyika. Ukumbini nisaidie kujua unatumia chaneli gani ya triga."

Hapo umemheshimu, umejitambulisha kama mwenzake, na umeomba vitu vinavyotekelezeka. Akijibu au asipojibu, wewe una mpango.

Kanisani fika nusu saa kabla, mwone padri au mchungaji, au katibu wa parokia. Uliza wapi pasikanyagwe na flashi ikatazwe wakati gani. Ukisimama upande huo wa bwana harusi kwenye kona ya benchi la pili unaona uso wa bibi harusi akimgeukia mwenzake. Yeye njia ya katikati atapata umbo zima. Mkisimama pamoja mtatoka na picha moja mara mbili, na yako itakuwa ndiyo dhaifu.

Picha za makundi ndiko mnakoharibiana zaidi. Kamera mbili zikielekezwa kwenye kundi moja, nusu wanaangalia kule, nusu huku. Yeye akiwa anapiga, shusha kamera yako kabisa, watu wasipate cha kuangalia. Akimaliza, nyanyua mkono na useme kwa sauti: "Sasa hapa kwangu, moja, mbili..." Piga fremu tano, mtu mmoja lazima afumbe macho.

Halafu kuna kitu yeye hana na wewe unacho: familia. Yeye hajui shangazi mkubwa ni yupi wala bibi mzaa mama amekaa meza gani. Leo hii mpigie mama wa bibi harusi, andika makundi nane kwenye karatasi kwa majina, na uombe kijana mmoja wa ukoo awe mwitaji. Kundi moja dakika tatu, makundi nane dakika 24. Ukianza saa 11 unamaliza kabla mwanga haujaisha, maana jua la Dar halifiki saa 1. Karatasi hiyo ikae mfukoni. Woga ukikushika, unasoma mstari unaofuata.

kivuli_mrefu

Asanteni sana, mmenitoa mbali. Ujumbe nimeshautuma. Hilo la chaneli sijalielewa vizuri. Na ukumbini nimepaona, kumepambwa vitambaa vya zambarau juu mpaka kwenye kuta.

kona_ya_giza

Triga za Godox zinaongea kwa redio, na zina chaneli 32. Zikitoka dukani nyingi ziko chaneli ya 1. Yeye naye akiwa na Godox kwenye chaneli hiyo, kila akibonyeza flashi yako inawaka, na ukibonyeza wewe zinawaka zake tatu. Betri zenu zinaisha na picha zinaungua. Wewe nenda kwenye chaneli ya 17 au yoyote iliyo mbali na yake. Badilisha kwenye triga NA kwenye flashi, wengi wanasahau upande mmoja kisha wanadhani flashi imekufa. Pia hakikisha TT600 haiko kwenye S1 wala S2. Hizo zinaifanya iwake ikiona mwanga wa flashi yoyote, hata ya kamera za wageni.

Vitambaa vya zambarau: ukielekeza flashi juu, mwanga unarudi wa zambarau na sura za watu zinakuwa kama wagonjwa. Kuirekebisha kwenye kompyuta ni kazi, maana ngozi imechanganya rangi mbili. Tafuta ukuta mweupe pembeni, hata nguzo. Pasipokuwepo, kata kadibodi nyeupe ya saizi ya A5, ifunge kwa mpira nyuma ya kichwa cha flashi, kichwa kitazame juu, mwanga urudi mbele kwenye karatasi. Kitambaa bado kitapokea kidogo, ila uso utakuwa safi.

fundi_mwanga

Namwongezea mkuu hapo juu. TT600 ikiwa juu ya kamera haina otomatiki, nguvu unaipanga mwenyewe. Penye dari jeupe la mita 3 anza na ISO 1600, f/2.8, shata 1/100, flashi 1/16 ya nguvu yake, kisha panda au shuka. Kwa kadibodi mwanga unakwenda moja kwa moja, kwa hiyo umbali unauma: ukitoka mita 2 kwenda mita 4, mwanga unabaki robo, lazima uongeze hatua mbili. Yaani 1/64 inakuwa 1/16. Jizoeze nyumbani leo usiku na mtu amesimama sebuleni, mpaka mkono uzoee bila kufikiri.

Hiyo 1/100 nina sababu nayo. Umeme wetu ni wa 50Hz, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga 1/160 chini ya taa hizo bila flashi, fremu moja inatoka njano, nyingine nyeusi, na 700D haina kinga ya kupepesa. 1/100 inakwenda na mpigo wa taa. Taa za disko na skrini za LED zina mpigo wao, jaribu fremu tatu kabla maharusi hawajaingia. Na kwa flashi ikiwa juu ya kamera, 1/200 ndiyo mwisho wako, ukipita hapo unapata mstari mweusi.

bi_kilindini

Dada, salamu kutoka Mombasa. Wenzangu wamesema ya vifaa, mimi nakuongezea jambo moja la kukaa nalo baada ya Jumamosi. Huku kwetu harusi za Waislamu, siku ya kupamba ni ya wanawake watupu. Yule kaka na 70-200 yake haingii. Anatakiwa mwanamke mwenye kamera, adabu na siri. Memori kadi haitoki mkononi mwako, picha hazionyeshwi msaidizi wa kiume wakati wa kuediti, na hutundiki hata moja mtandaoni bila ruhusa ya mwenyewe. Anayejulikana kwa hilo hapungukiwi kazi, na hakuna anayemuuliza kamera yake ni ya aina gani.

kivuli_mrefu

Kaka amejibu! Amesema sawa kwa yote, yuko chaneli ya 5, na ameniambia nifike kanisani mapema tuangalie mwanga pamoja. Nimeshusha pumzi. La mwisho: betri na kadi nibebe ngapi?

kona_ya_giza

Betri za kamera tatu, zote zichajiwe Ijumaa. Za flashi beba seti tatu za AA nne nne za kuchaji, jumla 12, na kila seti uifunge kwa mpira wake. Usichanganye seti, moja ikichoka inazivuta nyingine na flashi inachelewa kujaa. Kadi: 700D ina nafasi moja tu, kwa hiyo badala ya 64GB moja chukua 32GB mbili au tatu. Moja inameza RAW zaidi ya 1,000. Ibada ikiisha, toa ya kanisani, itie kwenye mfuko wenye zipu ulio mwilini, siyo kwenye begi linalobaki mezani. Usiifute mpaka picha ziwe sehemu mbili. Na usibonyeze mfululizo pete ikivishwa: RAW kama 7 hivi kamera inasimama kuandika, na hapo ndipo wanapobusu. Mbili, pumzika, mbili.