Fomu ya baba imetaja mama na kaka tu, sisi watatu tunapataje mafao?

Kitindamimba:
Habari zenu ndugu. Baba yetu, mwalimu mstaafu, alifariki miezi minne iliyopita akiwa bado anapokea pensheni ya kila mwezi. Mama alimtangulia. Tumebaki wanne, na mimi wa mwisho ndiye niliyetupiwa kazi ya kufuatilia mafao (wakubwa wana "majukumu").

Nimekwama. Fomu ya wanufaika aliijaza alipoajiriwa, kwa hiyo ina mama na kaka mkubwa tu. Sisi wengine tulikuwa hatujazaliwa. Kaka hajasema lolote baya, ila siku hizi ukimuuliza habari za ile fomu anakohoa. Halafu majina: barua ya ajira ni Athumani, kitambulisho ni Othman, cheti cha kifo ni Athuman, bila i. Hilo la mwisho ni kosa langu. Mimi ndiye niliyetaja jina siku ile, na sikuwa na akili ya kuhesabu herufi.

La tatu naona aibu. Dada aliendelea kutoa pensheni kwa kadi ya baba miezi miwili baada ya mazishi. Anasema alilipia deni la matibabu. Nianzie wapi?

Mzee wa Masjala:
Pole sana mwanangu. Nilikaa dawati la mafao miaka 19. Anza na la dada. Pensheni ya mwezi ni ya aliye hai. Inayoingia baada ya kifo si yenu, hata kama kadi bado inakubali. Andikeni barua ya kutoa taarifa ya kifo, mkiri kilichotolewa, muombe kikatwe kwenye mafao. Msiposema, siku wakilinganisha tarehe ya cheti na taarifa ya benki wataliona, na faili la namna hiyo huwa halina haraka tena.

Kuhusu fomu, usigombane na kaka kabla hujauliza dirishani: "Fedha hizi zinafuata fomu au zinafuata mirathi?" Kuna mifuko ya pensheni ambayo aliyetajwa ndiye mwenye haki. Kuna mingine yeye ni mpokeaji tu, anazibeba kwa niaba ya warithi. Uliza pia kama pensheni ya baba ilikuwa na kipindi cha uhakika, yaani miezi ambayo malipo yamehakikishwa hata mstaafu akifa. Kama ilikuwa nacho na hakijaisha, miezi iliyobaki inaweza kulipwa kwenu.

Chapchap:
Mnajitesa. Tafuta mtu wa ndani, mpe kidogo, wiki mbili hela mkononi.

Mama Pacha:
Huyo "mtu wa ndani" ndiye aliyenipigia mimi! Alijua jina la marehemu mama yangu na hata siku tuliyomzika, akataka ada ya kufungua faili. Nilipofika ofisini nikakuta faili lilishafunguliwa zamani, bure.

Kitindamimba, tofauti ya Athumani na Othman huenda ikaisha kwa hati ya kiapo kwamba ni mtu mmoja. Lakini cheti cha kifo nenda kakirekebishe kwa msajili sasa hivi. Hicho utakionyesha benki, utakionyesha mahakamani, na kila karani atakisoma herufi kwa herufi. Toa nakala zilizothibitishwa za kutosha, na cheti halisi usikiache mezani kwa mtu bila yeye kukusainia.

Kitindamimba:
Nimerudi kutoa mrejesho. Kwenye mkoba wa baba nimekuta hati ya mshahara ya zamani, imekunjwa mara nne mpaka wino umepasukia kwenye mikunjo. Namba yake ya ajira inasomeka. Karani hakuhangaika na Athumani wala Othman, aliingiza namba tu, baba akatokea. Hata hivyo kiapo wamekitaka, na cheti kipo kwa msajili kinarekebishwa.

Swali la Mzee nililiuliza kama lilivyo. Kwa mfuko wetu, zinafuata mirathi. Nilimwambia kaka nikitegemea atanuna, akashusha pumzi. Kumbe alikuwa anakohoa kwa kuogopa kwamba tutamfanya msimamizi, aanze kuhudhuria mahakamani. Za dada zitakatwa, risiti za matibabu hazikusaidia kitu.

Jumamosi tulikaa kikao cha ukoo kuteua msimamizi wa mirathi. Kaka kakataa, dada kaona aibu, wa tatu yuko safarini. Kesho naenda kupiga picha za pasipoti.