Safari ya vita ikifutwa kwa mawingu, marubani walikuwa wanafanya nini siku nzima?

Mjukuu wa Keya (Tanga):

Asalaam aleikum wanajukwaa. Naomba msaada kwa wanaojua historia ya ndege za vita, au hata wanaojua mambo ya hali ya hewa tu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki). Alitoka Muheza akapelekwa Bama (Burma, siku hizi Myanmar) kupigana na Wajapani, na mwaka 1944 alikuwa kwenye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoshuka bonde la Kabaw katikati ya mvua mpaka mto Chindwin. Sikuwahi kumsikia akisimulia risasi. Alisimulia matope na njaa, na kulikuwa na maneno aliyoyarudia mpaka wajukuu wote tukayashika: "Leo ndege haiji, mawingu." Chakula chao kilidondoshwa na ndege kwa miavuli. Mawingu yakilala juu ya milima, hakuna ndege, posho inakatwa nusu. Hata uzeeni, mama akichelewa kurudi sokoni, babu alikuwa akikaa barazani anasema hivyo hivyo, leo ndege haiji.

Sasa mwezi huu nimekuwa nikisoma habari za upande wa wenye ndege. Nimekutana na Kundi la 416 la jeshi la anga la Marekani, la ndege nyepesi za mabomu aina ya A-20 Havoc, na kuanzia Novemba 1944 A-26 Invader. Walianza kupigana Machi 1944 wakiwa Wethersfield, Uingereza, na Septemba wakahamia Melun, Ufaransa. Najua hawa siyo waliokuwa wakimpelekea babu chakula, hawa walikuwa bara jingine kabisa. Lakini kinachonishika ni kwamba kuna siku imeandikwa tu kuwa safari imefutwa, hali ya hewa mbaya. Basi. Siku nzima ya vita, mstari mmoja.

Nataka kujua ule mstari mmoja ndani yake mlikuwa na nini. Watu waliamka na kupakia mabomu, au waliambiwa tangu jana walale? Na kwa nini wafute, wakati ndege inaweza kupanda juu ya mawingu? Na siku hiyo mtu alihesabiwa kuwa amefanya kazi?

Nauliza kwa sababu babu alikufa akiwa na kinyongo na marubani. Aliamini kuwa siku ya mawingu wao wako kitandani na yeye yuko kwenye matope. Nataka kujua kama alikuwa na haki.

Bi Ramani (Pangani):

Waaleikum salaam. Swali zuri, na nimelipenda kwa sababu watu wengi huuliza habari za siku zilizolipuka tu.

Hawakuwa kitandani. Amri ya kesho ilifika usiku kutoka makao makuu. Wapakia mabomu walianza kazi gizani, mafundi wakajaza mafuta, wapishi wakawasha moto mapema kuliko kawaida. Marubani waliamshwa kabla ya kucha, wakala, wakaingia kwenye kikao cha maelekezo: ramani ukutani, mizinga ya adui iko wapi, njia ya kwenda na ya kurudi, kisha ofisa wa hali ya hewa anasimama kusema yake. Baada ya hapo ni kukaa ndani ya ndege na kungoja ishara. Mara nyingine muda unasogezwa saa moja, halafu saa nyingine, halafu inarushwa fataki nyekundu kutoka mnara wa kuongozea ndege. Imefutwa. Mtu ameshabeba hofu yake tangu saa kumi alfajiri na sasa anaambiwa airudishe chumbani, kesho aianze upya.

Na hapana, haikuhesabiwa. Wale wa ndege za kati na nyepesi walitakiwa wafikishe safari 65 ndipo warudi kwao. Magurudumu yasipoacha ardhi, hesabu haisogei. Kwa hiyo wao wenyewe waliichukia siku ya mawingu, ila kwa sababu tofauti na ya babu yako.

Kuhusu kufuta: A-20 ya kawaida ilikuwa na watu watatu, rubani mmoja na wapiga bunduki wawili. Mlenga mabomu hayumo. Yuko kwenye ndege ya mbele, ile yenye pua ya kioo, na yeye akiachia ndipo wa nyuma yake nao wanaachia. Sasa yule mtu mmoja asipoiona ardhi, kundi lote halioni. Zilikuwepo Marauder za kuongoza, ndege za mabomu za ukubwa wa kati, ambazo zilifuata mawimbi ya redio kutoka chini na kuweza kuachia mabomu hata juu ya mawingu, lakini zilikuwa chache na hazikutosha kila mahali.

Na usisahau kuwa chini kuna wenzao. Julai 24, 1944, Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, mashambulizi makubwa ya anga yalifutwa dakika za mwisho kwa ajili ya mawingu, lakini ndege nyingine zilikuwa zimeshafika na hazikuipata amri kwa wakati. Zikaachia. Askari 25 wa Marekani waliuawa na wenzao, 131 wakajeruhiwa. Kesho yake wakarudia, na mabomu yakaanguka tena upande wao, wakafa 111, mmoja wao jenerali, Lesley McNair. Ndege nyingi zilizohusika zilikuwa zile kubwa, siyo hizi nyepesi, lakini hatari ni ile ile. Mimi nikisoma "imefutwa" nawaona wale 25.

Mzee Kipimamvua (Ngamiani, Tanga):

Mjukuu wa Keya, marahaba, najua ungenipa shikamoo. Nimestaafu sasa. Miaka ishirini na sita nilikuwa mpimaji wa hali ya hewa, na mingi kati ya hiyo ni hapa hapa Tanga. Bi Ramani kasema ya vita na kasema vizuri, mimi nitajibu lile la "ndege inaweza kupanda juu ya mawingu", maana abiria wameniuliza mpaka nikalizoea.

Kupanda si kazi. Kazi ni kukusanyika huko juu na kushuka. Chukua ndege 36 zinazotakiwa ziruke ubawa kwa ubawa. Zikiingia kwenye wingu zito hakuna anayemwona jirani yake, na kila mmoja amebeba mabomu na petroli. Zikitoka zimetawanyika. Na jioni zirudi zote kwenye uwanja mmoja, na wingu limeshuka mpaka juu ya miti.

Nikuonyeshe tulivyokuwa tunaliona linakuja. Kile kibanda cheupe chenye mbao za mshazari, umekiona uwanjani, ndani yake mna vipimajoto viwili vimesimama bega kwa bega. Kimoja kikavu. Kingine kimevikwa kitambaa chembamba cha pamba, na utambi wake umetumbukia kwenye kichupa cha maji. Maji yanapokauka pale kitambaani yanakipoza, kwa hiyo chenye kitambaa kinasoma chini ya mwenzake. Mchana wa Januari hapa Tanga vinapishana nyuzi tano, sita. Alfajiri ya masika vinasogeleana: nyuzi moja, nusu, kisha sawasawa. Vikilingana ujue hewa imeshiba, haina tena pa kuweka maji, na hapo juu ya ardhi ukungu uko mlangoni. Mimi nilikuwa naviinamia na tochi saa kumi na moja alfajiri na nikiona vimelingana, moyo unashtuka, kwa sababu najua leo kuna mtu atakasirika.

Hebu sasa ifikirie Ulaya ya Desemba. Usiku mrefu, upepo umelala, ardhi imelowa maji. Wajerumani walishambulia Ardennes, misitu ya Ubelgiji na Luxembourg, Desemba 16, 1944 wakijua hivyo, wakijua kuwa chini ya ukungu ule ndege za Marekani hazitawafikia. Kwa siku kadhaa makundi yale yalikaa yamefungiwa chini. Watu wao wanazingirwa katika mji wa Bastogne, na marubani wanatembea kwenye matope ya uwanja wanatazama juu. Mwanangu, hapo babu yako angewaelewa, na wao wangemwelewa. Anga ilifunguka Desemba 23. Na siku hiyo nzuri ndiyo iliyowaua. Kundi la 391, la Marauder, lilipoteza ndege 16 kwa siku hiyo moja.

Kuna jambo jingine nataka niliseme kwa kuwa ni la watu wa kazi yangu na halisemwi. Uvamizi wa Normandy ulikuwa uwe Juni 5, 1944. Ukasogezwa mpaka Juni 6 kwa sababu James Stagg, mtabiri mkuu, alimwambia Jenerali Eisenhower, kamanda mkuu, dhoruba inakuja. Lakini Stagg alipata wapi? Vipimo kutoka kituo cha Blacksod, pwani ya magharibi ya Ireland, vilitoa alama ya mapema, na aliyevisoma ni binti wa posta, Maureen Flavin, siku anatimiza miaka 21. Alisoma tu kipimo cha mgandamizo wa hewa kikishuka, akaandika, akatuma. Wakampigia simu arudie kusoma. Akarudia. Hakujua ni kwa ajili ya nini. Ndivyo kazi yetu ilivyo, unaandika tarakimu na hujui inakwenda kumzuia nani.

Mara moja nilijua. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua ya masika, ndege ndogo ya Pemba. Nilirusha puto, lilikuwa linapanda kwa mwendo tunaoujua, unalifuata kwa jicho na saa mkononi, likizama kwenye wingu unapiga hesabu. Lilizama upesi mno. Nikatoa kimo, rubani akasema hatuendi. Kwenye benchi alikuwepo baba mmoja wa makamo amevaa kanzu, hana mzigo wowote. Baba yake kafariki Wete usiku ule, na maziko ni baada ya adhuhuri. Wingu liliinuka saa tisa. Alikuja akasimama mbele ya meza yangu, hakugomba, akaniuliza tu kama ni mimi niliyesema wingu liko chini. Nikasema ni mimi. Akatikisa kichwa akaenda zake. Mpaka leo nikipita pale naliona lile benchi. Vipimo vyangu vilikuwa sahihi, na hakumzika baba yake.

Fundi Plagi (Tanga):

Shikamoo Mzee. Mimi nimefanya injini za ndege, naongeza kidogo la upande wa mafundi maana hao huwa hawaandikwi.

A-20 ilikuwa na injini mbili za silinda 14 kila moja, nguvu za farasi 1,600 kwa injini, zinapozwa na upepo tu, hakuna maji. Injini ya namna hiyo haipendi kuungurumishwa chini muda mrefu. Ikikaa inanguruma polepole inangoja ishara, plagi zinashika masizi. Ukiipandisha moto imesimama, inachemka. Kwa hiyo safari ikifutwa baada ya injini kuwashwa, fundi ana kazi ya kufungua plagi na kusafisha, kwenye baridi ile, chuma kinanata mkononi.

Na mabomu? Ratili 500 kila moja, hiyo ni kama kilo 227. Yalipandishwa usiku kwa winchi. Safari ikifutwa, ama yanabaki humo kungoja, ama yanashushwa kwa sababu kesho shabaha ni nyingine na inataka bomu la aina nyingine. Hapo ndipo watu walipokuwa wanachoka kweli kweli. Vile viwashio vina waya wa usalama ambao hauchomoki mpaka bomu lianguke, lakini hakuna anayemwambia fundi wa umri wa miaka ishirini, vidole vimekufa ganzi, kwamba asiogope. Kupakia ni kazi ya heshima, kila mtu anaiona. Kupakua gizani kitu ulichokipakia gizani, hakuna hata anayekupa pole.

Mjukuu wa Keya:

Shikamoo Mzee Kipimamvua. Bi Ramani, Fundi, asanteni sana sana.

Nimemsomea mama majibu yenu jana baada ya isha. Alipofika kwa yule baba wa Wete alisema nisimame kwanza. Halafu akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: babu alisema wakati mwingine walikuwa wanaisikia ndege. Iko juu ya wingu, inazunguka, wanaisikia injini kabisa, inazunguka tena, halafu sauti inakwenda inapotea. Kumbe alijua kuwa wamekuja. Alichokasirikia ni kuwa walisikika wakarudi.

Mzee, je, rubani aliyeko juu pale angeweza kufanya nini?

Mzee Kipimamvua:

Marahaba mwanangu. Kwenye bonde lenye milima pande zote mbili? Asubiri tundu. Wingu la masika hupasuka kidogo kidogo, linafunga, linapasuka pengine. Anazunguka akitafuta upenyo wa kuona ardhi, na jicho lake moja liko kwenye kipimo cha mafuta. Kuzunguka kule ambako babu yako alikuwa anakusikia ndiko kutafuta kwenyewe. Akishuka bila kuona, mlima uko ndani ya wingu.

Muulize mama kama babu aliwahi kutaja ni saa ngapi za siku walikuwa wanaisikia, asubuhi au alasiri. Mawingu ya mabondeni yana saa zake, na ningependa kulifikiria. Jumamosi baada ya alasiri nipo kwa wauza kahawa, Ngamiani. Uje na mama kama anaweza kutembea.