Tangu mlipuko wa ugonjwa utangazwe nashindwa kuweka simu chini, nifanyeje?

mlala_macho
Wakuu habari zenu. Yaani naingia kitandani saa nne nasema ngoja nicheki tu idadi ya wagonjwa wapya nilale, kuja kushtuka saa nane usiku, macho yanawasha, simu ya moto, nimesoma komenti kibao za watu nisiowajua wanabishana. Nikikohoa kidogo tu moyo unaenda mbio nishajiona ninao. Nikisema nifute apu zote, mama yangu yuko mbali na tunaongeaga humo humo. Mliopitia haya kipindi cha korona mlitokaje?

mama_pacha
Pole sana ndugu yangu. Mimi 2020 nilikuwa naandika vifo kwenye daftari kila jioni, sijui nilidhani nikiandika vitapungua. Sasa Machi mwaka ule WHO wakashauri habari za ugonjwa uzitafute kwa saa maalumu, mara moja au mbili kwa siku basi. Nikachagua saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, chaja nikaihamishia jikoni. Wiki ya kwanza niliteseka kama mtu anayeacha sigara, usiku naamka naenda kuichungulia jikoni, ila baridi ya sakafu inakurudisha kitandani. Msinicheke.

mzee_kijana
Simu mnaionea bure, shida ni magrupu. La ukoo ndo lilikuwa linanimaliza, maodio ya "daktari mmoja" asiye na jina, leo kunywa maji ya moto kesho usinywe. Ukiona vile vimshale viwili juu ya meseji ujue imeshapita mikono mitano au zaidi, WhatsApp wenyewe Aprili 2020 walizibana ziwe zinatumwa kwa mtu mmoja au grupu moja kwa wakati. Mimi nilizima sauti, baadaye nikajitoa kabisa. Shangazi kaninunia hadi leo.

kiti_cha_dirishani
Mzee hapo sikubaliani na wewe. Sisi tuliokaa karantini siku 14 peke yetu tuliokolewa na vidio koli, na grupu la ukoo likiwemo, kelele zake na yote. Kuongea na mtu ni kitu kingine na kuperuzi kimya kimya ni kingine, ukimpigia mama unakata simu umecheka, ukiperuzi unaiweka chini kifua kimebana. Kwahiyo apu usifute, acha kufuata kurasa zinazokutisha. Na hilo la moyo na kutolala likizidi wiki mbili muone daktari, usilimalizie humu.

mlala_macho
Asanteni jamani, chaja nishaipeleka sebuleni. Mama pacha, alamu ya asubuhi ulikuwa unatumia nini sasa?

mama_pacha
Saa ya mezani ile ya betri, inapiga makelele hadi jirani anaamka 😂