Naomba ushauri: jiwe la kaburi la baharia aliyefia mazoezini

Ndugu wanachama, salaam. Wakubwa shikamooni.

Baba mdogo alikuwa baharia jeshini. Alifariki kwenye mazoezi ya kupiga mbizi, nchi ikiwa na amani tele. Tulimzika nyumbani, Ilemela. Msalaba wa mbao umeanza kuoza, rangi imebanduka, jina lasomeka nusu tu. Sasa tunataka kulijengea kaburi.

Tumekwama kwenye maandishi. Bibi anataka liandikwe neno “shujaa”. Baba anasema hilo ni la waliokufa vitani, kama wale wa Kagera 1978–79. Mimi niko upande wa bibi, ila kubishana na mzee nako kuna gharama zake. Waliozama na MV Bukoba, 21 Mei 1996, wana makaburi yao Igoma na hukumbukwa kila mwaka. Huyu wetu anatutegemea sisi tu.

Padri tumemuuliza, hana pingamizi. Tunayo picha yake ya sare na barua yenye namba yake ya jeshi.

Mliowahi kuzika askari aliyefia mazoezini, mliandika nini? Na je, kuchonga nembo ya jeshi kunahitaji kibali, barua tuianzishie wapi tukiwa huku Mwanza? Tungependa liwe tayari kabla ya Siku ya Mashujaa, 25 Julai.