Tupeane uzoefu: umewahi kupunguza vyombo vya santuri ili ubaki na kimoja cha maana?

Mtoto wa Reli (Tabora):
Wakuu, salaam. Mwezi ujao tunaiachia nyumba ya baba pale Ng'ambo. Ndugu tumeshaelewana, hakuna mgogoro. Mimi nahamia Ipuli, vyumba viwili na sebule ndogo, na mke wangu kaniambia kwa upole kabisa kwamba muziki utapata ukuta mmoja tu. Ana haki.

Nilivyonavyo ni hivi. Redio ya kabati ya baba, ya mbao, miguu minne, ndani ina gramafoni ile inayopangiwa santuri kadhaa juu halafu inaziangusha yenyewe moja moja. Gramafoni ya pili ni ya begi, ya plastiki, niliinunua Kariakoo. Ampli kubwa moja, spika nne. Na santuri mia tatu na ushee, nyingi zile ndogo za mizunguko 45: Tabora Jazz, Nyanyembe, Kiko Kids, Western, Morogoro Jazz ya Mbaraka, na za Kongo. Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya reli. Mshahara ukitoka, anarudi na santuri moja kwenye bahasha ya kaki. Za mwisho ni za 1976. Mwaka uliofuata mpaka wa Kenya ulifungwa, na sisi hatukuwa na kiwanda cha kubonyezea santuri, bendi zetu zilikuwa zikitegemea Nairobi. Kuanzia hapo nyumbani kwetu ni kaseti.

Nafikiria kuuza vyote, ninunue gramafoni moja nzuri na spika mbili ndogo. Bajeti haifiki milioni. Naomba aliyepitia hili anieleze lilivyomkuta.

Ujiji Kwetu (Kigoma):
Pole na hongera ya kuhama, ndugu yangu. Mimi niliuza mbili za zamani kwa mpigo, shemeji yangu akaniletea moja safi kutoka Marekani. Nilijua umeme wao ni volti 120, nikanunua transfoma ya kushusha. Nikaweka Franco. Gitaa likatoka zito, mwimbaji kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nikalaumu sindano, nikabadilisha. Nikalaumu mkanda, nikabadilisha. Miezi miwili hivyo.

Fundi mmoja hapa akabandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, akashika simu, akaniambia tuhesabu wote kwa dakika moja. Ilitakiwa 33 na kidogo. Tukapata 28 haijatimia. Kumbe umeme wa Marekani unapiga mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50, na kuna mota zinazofuata mapigo hayo. Transfoma inashusha volti tu, mapigo haiyagusi. Tulikwenda kwa fundi wa kukereza chuma, puli, kile kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda, ya milimita 10 ikatengenezwa upya kwa milimita 12, na Franco akaamka. Kwa hiyo ukipata ya kuagiza, uliza kwanza mota yake inaendaje. Zile zenye adapta ndogo ya kuchomeka ukutani, mota ya DC, hazina shida hiyo, adapta tu iwe ya kupokea volti 230.

Bi Asali (Tabora):
Kaka, mimi sikupunguza mashine. Nilipunguza santuri, na bado inaniuma.

Baada ya arobaini ya mama alikuja kijana akiulizia santuri za zamani mtaa kwa mtaa. Alinipa elfu tatu kwa kila moja, akachukua 120 asubuhi moja. Niliona zinajaza vumbi tu. Pesa ile nikaongezea, nikanunua gramafoni mpya, na kweli inalia vizuri. Wiki ya pili nikatafuta ile ya Kiko Kids ambayo baba alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, kwenye lebo, pembeni ya tundu: jina la mama na tarehe. Herufi ndogo za kuzunguka, zimefuata mviringo wa lebo. Ilikuwa kwenye zile 120. Nilimpigia kijana, namba haipatikani.

Spika uza, ampli uza. Santuri usimpe mtu kabla hujazisikiliza zote, pande zote mbili, na kuzisoma lebo.

Mtoto wa Reli:
Da, dada yangu, pole sana. Umenifanya niende stoo usiku huu na tochi.

Fundi Mwanga (Kigoma):
Mkuu, kabla hujauza chochote nijibu maswali mawili. Je, kwenye hizo mia tatu kuna santuri nene, nzito, za kuvunjika kama kigae? Na mkono wa hiyo gramafoni ya kabati unakandamiza gramu ngapi?

La kwanza nauliza kwa sababu hii. Zile nene ni za mizunguko 78, na mfereji wake ni mpana kuliko wa 45. Sindano ya kisasa ikiingia mle inacheza chini kabisa, inakwangua takataka za miaka, sauti inatoka mikwaruzo mitupu. Zinataka sindano yake pana. Halafu mashine nyingi mpya zina 33 na 45 tu. Ukiuza kabati, umeuza na sauti ya hizo santuri.

La pili ndilo kubwa. Gramafoni za kabati nyingi zina kichwa, yaani kile kidude kinachoshika sindano, cha kauri. Kichwa cha kauri kinatoa sauti ya nguvu bila msaada, ila kinataka kukandamizwa, gramu nne hadi sita hivi, na hicho cha begi lako la plastiki ni hivyo hivyo. Kichwa cha sumaku kinatosheka na gramu moja na nusu hadi mbili na nusu, santuri zinapumua. Lakini umeme wake ni kidogo mno, volti moja ukiigawa mara elfu ni vipande vichache tu, kwa hiyo lazima upitie priampu, kile cha kuukuza kwanza kabla haujafika kwenye ampli. Wateja wangu wengi huja wakisema mashine mpya ni mbovu, haisikiki. Si mbovu. Wameichomeka kwenye tundu la kaseti. Angalia nyuma ya ampli yako, ikiwa ina tundu la fono, yaani la kuchomekea gramafoni, priampu imo ndani tayari, na hiyo ampli usiiuze.

Sindano nayo ina umri, saa mia tano hadi elfu moja. Iliyokwisha haionekani kwa macho, inakula mfereji kimyakimya. Nimeshaletewa santuri nzuri iliyokuwa imeliwa hivyo, na hapo fundi hana la kufanya.

Kibirizi (Kigoma):
Kwetu ziwani adui ni unyevu. Nilizilaza chali, moja juu ya nyingine, zikapata ukungu mweupe na za chini zikapinda. Ukungu ulitoka kwa maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya maji na kitambaa laini, nikifuata mifereji, lebo nimeikinga kwa kiganja. Zilizopinda hazikurudi. Huko kwenu jua ni kali, ukuta wako usiwe unaopigwa na jua la jioni, na santuri zisimame wima.

Isevya Zamani (Tabora):
Mimi nilikuwa na gramafoni tatu, nikabaki na moja, Technics SL-1200, kwa mtu aliyekuwa anafunga disko. Zilianza kutengenezwa 1972, zikasimamishwa 2010, zikarudishwa 2016. Haina mkanda. Sahani inazungushwa na mota moja kwa moja, na mwendo wake haufuati mapigo ya umeme, kwa hiyo balaa la ndugu yangu wa Ujiji halinihusu. Nilipoinunua ilikuwa chafu ya kutisha, mafuta ya miaka na vumbi la sigara, nikaisafisha siku nzima. Sijutii. Ila nakwambia ukweli, hiyo ni zaidi ya bajeti yako isipokuwa ukutane na mwenye shida.

Mtoto wa Reli:
Wazee wangu, shikamooni. Nimerudi na majibu.

Nene ziko kumi na nne. Nilikuwa sijui. Zilikuwa chini kabisa, kila moja imefungwa gazeti. Moja imevunjika, kumi na tatu nzima.

Kuhusu gramu. Nilipofungua kabati, juu ya kichwa cha gramafoni nikakuta sarafu ya senti 20, ile yenye mbuni, imebandikwa na plasta ya kidonda. Baba aliiweka, sindano isirukeruke. Nimekua nikiiona na sikuwahi kujiuliza. Leo nilimwomba sonara mjini mizani yake ndogo, tukaileta nyumbani, tukaiegeshea sindano. Gramu 11.

Fundi Mwanga:
Gramu 11! Bandua leo hii. Mzee alifanya kama wengi walivyofanya, sindano ikichoka inaruka, unaiongezea uzito, na uzito unamaliza mfereji. Weka sindano mpya, kisha pima tena bila sarafu. Usipige santuri yoyote kabla ya hapo.

Mtoto wa Reli:
Nimebandua. Santuri mbili ambazo baba alizipenda zaidi nimeziinua kwenye mwanga wa dirishani, mifereji ya katikati imepauka, ina weupe kama chaki. Zile ambazo hakuzipenda zinang'aa. Nimekaa nazo kwenye kochi muda mrefu.

Basi nimeamua hivi. La plastiki linauzwa, na spika mbili kati ya nne zinauzwa. Ampli ina tundu la fono, nimeliona, inabaki. Nitanunua gramafoni ya mkanda yenye kichwa cha sumaku, mpya, ya bei ya kati, mota ya DC, kwa ajili ya 45 na 33. Kabati la baba mke wangu kasema liingie, tutaweka televisheni juu yake, na ndani litabaki kwa kazi ya zile kumi na tatu tu. Da Asali, lebo nimezisoma zote. Kwenye nne kuna mwandiko.

Sindano ya 78 ya kichwa cha kauri, yenye pande mbili za kugeuza, nani anajua inapatikana wapi Tabora, Kigoma au hata Mwanza? Fundi, nikikutumia picha ya kichwa chenyewe utakitambua?

Fundi Mwanga:
Nitumie. Picha ya mbele na ya ubavuni, na usikiguse kwa kidole.